Sekunde Tatu za Tupokigwe

Andalio la somo la Alhamisi lilifika kwenye kishikwambi changu kabla sijamaliza chai, na kwenye kisanduku cha zana za kufundishia Mpangaji alikuwa ameandika: ndoo mbili za maji, fagio moja.

Somo lenyewe lilikuwa hisabati, Darasa la Nne, mada ya sehemu. Nilikaa na kikombe mkononi nikijaribu kuona fagio linaingiaje kwenye nusu na robo. Nikasogeza chini. Utangulizi, wimbo wa kuhesabu. Maarifa mapya: aulizwe Nsajigwa, aulizwe Bupe, aulizwe Nsajigwa tena. Baada ya kila swali mwalimu asubiri sekunde tatu, kisha aendelee. Kuimarisha, tathmini, hitimisho, kila hatua na dakika zake, kazi safi ambayo chuoni ingenipatia alama zote. Halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo, kisanduku ambacho sisi wa zamani hatukukisomea: Kazi za nje. Ndani yake jina moja tu, Tupokigwe. Achote maji, afagie njia ya ofisini, arudi kengele ya mapumziko itakapolia.

Pembeni ya jina palikuwa na duara la kuweka dole gumba langu, na maneno mawili: mwalimu anakubali.

Chai ilinipalia. Niliiacha pale pale mezani, nikavaa koti na kushuka shuleni kwenye ukungu, nikifika hata kabla ya mwalimu wa zamu. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Kama kuna mtu aliyepishana nami asubuhi ile akadhani nimerukwa na akili, namsamehe.

Mwalimu Mkuu wetu, Ambindwile, ni mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu muda si mrefu nitamsema vibaya. Nilimkuta ofisini akipangusa kabati la vikombe vya michezo.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Madam Lugano. Andalio umelipata?"

"Nimelipata. Limekosewa. Limemtoa Tupokigwe nje siku ya somo la kupimwa."

"Halijakosewa." Hakugeuka. "Mpangaji amekadiria kwamba akiwa ndani mavuno yanashuka, akiwa nje yanapanda. Ndiyo hivyo tu."

Mavuno. Tangu lini mtoto akawa shamba, sijui, lakini ndilo neno tunalotumia siku hizi. Juu ya ubao wa kila darasa kuna jicho la kioo, dogo kuliko kifuniko cha soda. Linasoma nyuso, mikono, daftari, hata macho ya mtoto yanavyotembea kwenye mstari, na linakadiria nani ameelewa kiasi gani. Linajumlisha wote, linagawanya kwa idadi yao, na namba inayopatikana inang'aa kwenye kona ya ubao somo likiendelea. Mwalimu hodari ni yule ambaye namba yake inapanda. Mpangaji, ambaye ndiye mwenye hilo jicho, anatuandalia somo la kesho kulingana na alichokiona leo. Zamani tulilalamika kwamba kuandika maandalio kunatumalizia jioni zetu. Basi tukapewa jioni zetu.

"Mkuu, huyu mtoto alishatolewa mara mbili mwaka jana, enzi za Mwalimu Mwasomola."

"Najua."

"Ya tatu ikiingia anahamishiwa Kituo cha Stadi."

"Najua, madam."

"Kule kwenye parachichi."

"Wanafundishwa kule pia. Kuchambua kwa ukubwa, kufunga makasha..."

"Ana miaka kumi."

Akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Mimi sikutunga utaratibu," alisema.

"Nisipoweka dole?"

"Andalio halitafunguka. Utafundisha kwa kichwa chako, mbele ya mthibiti ubora kutoka mkoani. Mavuno yakienda chini ya ule mstari mwekundu wa ubaoni, darasa zima linaingia Darasa la Mbali kuanzia Jumatatu. Skrini itafundisha. Wewe utakaa ofisini ukisubiri kupangiwa shule nyingine." Hapo ndipo alipogeuka kunitazama. "Watoto zaidi ya arobaini, madam. Kwa ajili ya mmoja."

Hasira ikanipanda zaidi. Nikauliza kitu kilichokuwa kimenikaa kooni tangu kwenye chai.

"Nani alimwambia Mpangaji kwamba ndoo ya maji ni zana ya kufundishia?"

Mkuu alirudisha kikombe kimoja kabatini. Nje mwalimu wa zamu alikuwa ameanza kuwapigia watoto filimbi.

"Hakuambiwa," alisema hatimaye. "Ile miaka miwili ya mwanzo, kabla hujahamia hapa, jicho lilikuwa halisemi kitu. Lilitazama tu walimu wanavyofundisha ili lijifunze. Sasa wewe unajua siku ya ugeni ilivyokuwa. Mthibiti akija, wale wazito tunawatuma maji, kuni, majani ya ng'ombe wa mradi. Shule zote zilifanya hivyo. Ilikuwa kuficha aibu kidogo tu. Mgeni akiondoka, mtoto anarudi kwenye dawati lake, maisha yanaendelea." Akashusha sauti kana kwamba vile vikombe vingemsikia. "Jicho likaona kwamba fulani akishika ndoo, somo linakwenda vizuri. Likaona hivyo nchi nzima."

Yaani mashine ya thamani kama ile ilikaa ukutani miaka miwili, ikajifunza ujanja wetu wa siku ya ugeni, ikauita sayansi, kisha ikaturudishia kama amri. Na sisi, ambao ujanja ni wetu, tukashindwa hata kuutambua. Nilitoka ofisini bila kuaga. Nilitamani kulia, lakini filimbi ilikuwa imeshalia na watoto walikuwa mstarini.

*

Tupokigwe si mzito. Ni mtoto anayechelewa, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo jicho halijawahi kuyatenganisha. Ukimuuliza swali anatazama chini, anasokota pindo la sketi, na huwezi kujua kama anafikiri au anasinzia. Mimi mwenyewe nisingejua kama si mafua. Wiki zangu za kwanza na darasa lile nilimuuliza kitu kuhusu kuzidisha, na kabla sijampita kwenda kwa mwingine nikashikwa na kikohozi, kikohozi kile cha kukupeleka dirishani. Nilipogeuka na machozi yangu, Tupokigwe alikuwa ameshajibu, tena kwa usahihi, na wenzake walikuwa wakimtazama kama mgeni. Tangu siku hiyo nilijifunza kukohoa.

Lakini huwezi kukohoa mbele ya mthibiti somo zima.

Jumatano alasiri nilikuwa uani kwangu nikikata miwa miwili inayolingana unene, ile myeusi, nikasikia hodi. Alikuwa mama Nsajigwa, na kapu la kuchumia chai bado liko mgongoni. Mtoto wake ndiye yule anayeulizwa, halafu anaulizwa tena.

"Ugonile, madam," alinisalimu kwa lugha ya huku.

"Ndaga, mama Nsajigwa. Karibu, kaa."

"Sikai." Alitua kapu lakini hakukaa. "Nimesikia huko chai wanasema kesho hutaki kuweka dole."

Katika kijiji hiki siri haina pa kulala. Nikamwambia ni kweli, sijaweka.

"Mimi sina ubaya na Tupoki," alisema. "Mama yake na mimi tunachuma mstari mmoja. Leo mchana tumekula kwenye sufuria moja, na nimeshindwa kumtazama usoni, kwa sababu nilijua nakuja huku. Lakini na mimi ni mzazi. Nsajigwa amebakiza kidogo aingie bweni la serikali. Wewe unamjua. Unajua akiona swali gumu anajifanya anaumwa tumbo, unamkemea, analifanya. Skrini itamkemea?"

"Haitamkemea."

"Itamwacha na tumbo lake."

"Kwa hiyo unataka Tupokigwe atoke."

"Usiniwekee maneno mdomoni, madam. Sijasema atoke. Nasema usitutoe wote."

Nilimkasirikia yule mama kuliko nilivyomkasirikia Mkuu, na sababu ni kwamba hakuwa na kosa. Kama angekuwa mchoyo ningemfukuza, nirudi kwenye miwa yangu na roho safi. Alijitwisha kapu lake akasema, "Fikiri, madam," akaondoka. Nikabaki na panga mkononi. Nimefikiri, mama Nsajigwa. Kufikiri ndicho kitu pekee nilichokuwa nakifanya tangu Jumanne.

Jioni ile niliandaa somo mwenyewe, kwa kalamu, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mkono ulikuwa umesahau. Nilianza kuandika malengo manne nikayakata matatu, kwa sababu mtoto hawezi kubeba malengo manne katika kipindi kimoja, na mwalimu anayeandika manne anamwandikia mkaguzi. Nikabakiza moja: mwanafunzi alinganishe nusu na robo, na aseme kwa nini. Kisha nikajiuliza watoto hawa wameshajua nini tayari. Wanajua muwa. Kila mmoja wao ameshagombana na ndugu yake juu ya kipande cha muwa. Basi muwa. Mpangaji alikuwa na maswali kumi na mawili kwa dakika kumi na tano. Mimi niliandika swali moja. Mbele ya swali, pale ambapo yeye huandika sekunde tatu, niliandika: hadi ajibu.

Nililisoma andalio langu mara ya pili. Lilikuwa zuri, na nilijua kwa hesabu zile zile za jicho kwamba lingetushusha chini ya mstari.

*

Mthibiti alikuwa Bwana Chengula, mwembamba, mpole, mwenye sauti ya mtu anayesalisha. Alikaa nyuma na kishikwambi chake. Mkuu alikaa pembeni yake akitoa jasho kwenye baridi ile ya mlimani. Mlangoni palikuwa na ndoo mbili na fagio ambavyo mtu alikuwa ameviweka kunikumbusha. Nilivitoa nje, nikafunga mlango.

"Madam, andalio halijafunguliwa," alisema Chengula kwa upole.

"Andalio ninalo hapa." Nikaonyesha karatasi.

Akaitazama kama mtu aliyeonyeshwa jembe ofisini. "Haya, endelea, mwalimu."

Kwenye kona ya ubao namba ilikuwa juu ya mstari mwekundu, kwa sababu watoto walikuwa wamechangamka kuona miwa. Niliikata mbele yao. Mmoja nikaukata katikati, wa pili nikaugawa vipande vinne. Nikamwita Bupe avipime kwa kamba, akasema viko sawa. Namba ikapanda. Mkuu akajifuta shingo.

"Sasa nisikilizeni," nilisema. "Nauliza swali moja, na leo sitaki mikono. Nitamchagua mtu, na wengine wote mtafikiri jibu lenu kimya. Ukipewa uchague, nusu ya muwa au robo ya muwa, utachukua ipi, na kwa nini? Tupokigwe."

Alisimama, akatazama chini, akashika pindo la sketi.

Sekunde tatu zikapita, na jicho likaamua kwamba hajui. Niliona namba ikitikisika na kushuka. Nikakaa kwenye kona ya meza. Nsajigwa alikuwa ameuma midomo yote miwili ili jibu lisimtoke. Namba ikashuka tena, kwa sababu watoto walioacha kutazama ubao na kumtazama Tupokigwe, jicho liliwahesabu kuwa wamezubaa. Hawakuwa wamezubaa. Sijawahi kuona darasa limekaa macho vile. Lakini kwa Mpangaji, mtoto anayemtazama mwenzake akifikiri ni mtoto aliyepotea.

"Mwalimu," Mkuu alinong'ona.

Niliogopa, nasema kweli. Namba ilikuwa imefika kwenye mstari mwekundu na kuupita, na mimi nilikuwa nimewashikilia watoto wa watu mkononi nikisubiri kinywa kimoja kifunguke. Nilikuwa na hasira na jicho, na Chengula, na mimi mwenyewe, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, hata na yule mtoto. Sema basi, nilimwambia moyoni. Sema chochote.

"Robo," alisema Tupokigwe.

Darasa likaangua kicheko. Namba ikadondoka.

"Kwa nini?"

Safari hii hakuchelewa sana. "Robo ya chini, madam. Ya shinani ndiyo tamu. Nusu ya juu ni maji matupu."

Kicheko kikakatika. Nsajigwa akashindwa kuvumilia. "Lakini madam ameuliza kubwa."

"Hajauliza kubwa," alisema Bupe. "Ameuliza utachukua ipi."

"Mimi nachukua nusu ya chini," mwingine akasema, "nina robo ya Tupoki humo ndani na nyingine tena juu yake."

"Kwa hiyo nusu ina robo ngapi?" niliuliza, na sikulazimika kuuliza tena. Walikuwa wameshainuka, wanaweka vipande juu ya vipande, wanabishana, na Tupokigwe yuko katikati yao na kipande cha shina mkononi akisema hapana, usipime na ganda, pima hapa. Namba ilianza kupanda polepole. Kengele ilipolia bado ilikuwa chini ya mstari, chini kidogo tu, na ilikuwa inaendelea kupanda.

Watoto walipotoka na miwa yao, Bwana Chengula alikuja mbele.

"Somo zuri sana, mwalimu. Nasema kwa dhati. Miaka mingi sijaona watoto wakibishana hivi."

"Basi andika hivyo."

"Siandiki mimi." Alinionyesha kishikwambi kwa unyenyekevu, kana kwamba nacho ni mgonjwa. "Tena umetusaidia. Mpangaji hakuwahi kuona mwalimu akisubiri kiasi kile. Sasa amepata kipimo kamili cha kile ambacho mtoto wa namna hii anawapotezea wenzake. Kitatumika shule zote."

Nilidhani hasira yangu ilikuwa imefika mwisho. Kumbe ilikuwa haijaanza. Nilimsubirisha mtoto ili aonekane, nao wamechukua kule kusubiri wakatengenezea fimbo ya kuwachapia wote wanaofanana naye.

"Lakini usikate tamaa," Chengula aliendelea. "Utaratibu unaruhusu marekebisho ndani ya siku ya somo. Nikimwondoa huyu kwenye hesabu, kama vile alikuwa nje, mavuno yanavuka mstari bila shida. Darasa linabaki lako." Akanisogezea kishikwambi. Duara lilikuwa limeshawashwa. "Ni dole tu."

"Weka, madam," alisema Mkuu. Sauti yake ilikuwa imekatika. "Nakuomba kama mdogo wangu. Utawafundisha wote vizuri kama leo. Kila siku. Utamkosa mmoja."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana nilitaka kumzaba kibao. Nikatazama lile duara. Nikamwona Nsajigwa na tumbo lake la uongo mbele ya skrini. Nikamwona mama yake amejitwisha kapu. Zaidi ya watoto arobaini walihitaji mwalimu, na mwalimu alikuwa mimi, na njia ya kubaki nao ilikuwa ndogo kama ukucha wangu. Lakini wale arobaini walikuwa wametoka kumsikia Tupokigwe. Kama Jumatatu wangekuta dawati lake tupu, wangeelewa, bila mimi kuwaambia, kwamba ndivyo inavyokuwa kwa mtu anayechelewa. Wangejifunza hilo vizuri kuliko sehemu, na mwalimu wao angekuwa mimi.

"Mtoto alikuwa ndani," nilisema. "Mlango niliufunga mwenyewe."

Chengula akasubiri. Nampa haki yake, alisubiri zaidi ya sekunde tatu. Halafu akazima duara.

*

Jumatatu Mkuu aliniambia nikae ofisini. Nilikaa hadi kengele ya kipindi cha pili, nikasimama, nikaenda Darasa la Nne, nikakaa dawati la nyuma karibu na Tupokigwe. Kiti cha mtoto kinakufundisha adabu magotini.

Ubao mzima ulikuwa uso wa mwanamke wa kuchorwa, ana meno mazuri na sauti ya tangazo la benki. Aliwasalimu kwa majina, wale aliowapangia kuwaita. Tupokigwe hakuitwa. Hakuna aliyemtoa nje, ila hakuna aliyemwona pia, na hapo nililielewa vizuri nililolifanya. Nilikuwa nimemwokolea dawati. Sikuwa nimemwokolea zaidi ya hapo, na wenzake wote nilikuwa nimewaleta kukaa naye hapo hapo.

"Nusu ya nusu ni ngapi?" aliuliza yule mwanamke. "Nsajigwa."

Nsajigwa alitazama uso ule mkubwa. Akashika tumbo. Sekunde tatu zikapita.

"Asante. Tunaendelea," mwanamke akatabasamu, na swali likafutika. Nsajigwa alibaki amesimama mkono tumboni, akisubiri kukemewa, kisha akakaa taratibu. Mama yake alikuwa ameniambia.

Likaja swali jingine, Bupe akajibu. Likaja jingine. Chini ya ubao maandishi yakatokea: kuna mtu asiyesajiliwa darasani, Mwalimu Mkuu aitwe. Sikuinuka. Nilisikia viatu vya Mkuu vikija kwenye veranda, mlango ukafunguka, akasimama hapo. Akanionyesha nje kwa kidevu. Nikatikisa kichwa.

Wakati huo yule mwanamke alikuwa ameshaingia mada nyingine kabisa, pembetatu na miraba, na alikuwa anamwita Bupe kwa mara ya tatu.

Pembeni yangu Tupokigwe akaachia pindo la sketi, akasimama.

"Robo," alisema.

Darasa likageuka. Mwanamke wa ubaoni aliendelea kusema juu ya pembe zake.

"Nusu ya nusu," alisema Tupokigwe, na sauti yake ilitetemeka lakini haikukatika. "Ukikata nusu katikati tena. Ni robo."

Nsajigwa alihesabu kwa vidole, akamtazama, akanitazama mimi. Mimi sikufanya ishara yoyote. Halafu akaanza kupiga makofi, yale ya darasani tunayompigia mtu aliyepata, mawili mafupi na matatu marefu. Bupe akapokea. Wakafuata wa mbele, wakafuata wa kati, hadi makofi yakamzima sauti yule mwanamke na meno yake yote. Mkuu alikuwa bado mlangoni, na mikono yake ilikuwa haijui iende wapi.

Kwenye kona, chini ya namba iliyokuwa ikishuka, ubao uliandika kwa herufi nyekundu: KELELE.

Wakapiga tena.